Kuhamisha mzizi: amri ya chroot na mipaka yake

Abiria akimwambia bodaboda wa hapa Kigoma ampeleke Mwanga, atafikishwa Mwanga ya mjini bila kuulizwa swali la ziada. Neno hilohilo likisemwa Moshi, dereva ataelewa kwamba abiria anakwenda wilayani Mwanga, mkoani Kilimanjaro, na atamshusha kwenye stendi ya mabasi. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni mahali msikilizaji anapoanzia kulitafuta. Amri ya `chroot` katika mifumo ya Unix hufanya jambo hilo na haifanyi jingine, yaani huuambia mchakato fulani (programu inayoendeshwa wakati huo) kwamba kuanzia sasa njia zote za mafaili zitahesabiwa kutoka mahali pengine. Manufaa yake, makosa yake ya kutatanisha na hatari zake zote zinatokana na badiliko hilo moja, na nimeona mafundi wengi wakihangaika nayo kwa sababu tu waliidhania kuwa ni kitu kikubwa zaidi.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, mafaili yote hupangwa katika mti mmoja, na mzizi wa mti huo huandikwa kwa mkwaju peke yake: `/`. Programu inapotaka orodha ya watumiaji huomba `/etc/passwd`, na keneli, yaani kiini cha mfumo kinachohudumia programu zote, huanzia kwenye mzizi, huingia saraka ya `etc`, kisha hutafuta humo faili la `passwd`. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba mzizi huo si mali ya mashine nzima, kwa kuwa kila mchakato hubeba kumbukumbu yake binafsi ya mahali mkwaju wake unapoanzia. Kwa kawaida michakato yote hukubaliana kwa sababu kila mtoto hurithi kumbukumbu hiyo kwa mzazi wake, ukoo mzima ukirudi nyuma hadi kwenye mchakato wa kwanza uliozaliwa mashine ilipowashwa. `chroot` hubadilisha kumbukumbu hiyo kwa mchakato mmoja, na watoto ambao mchakato huo utawazaa baadaye nao watarithi mzizi mpya, huku michakato mingine yote ikiendelea na mzizi wa zamani kama kwamba hakuna kilichotokea.

Nyuma ya amri hii kuna wito wa jina hilohilo, yaani ombi ambalo programu huipelekea keneli, na wito huu ni wa zamani. Ulionekana katika Toleo la 7 la Unix mwaka 1979, ukaingia pia katika BSD, tawi la Unix la Chuo Kikuu cha Berkeley, na tangu hapo umekuwamo karibu katika kila Unix iliyofuata. Umri huo una maana, kwani ulibuniwa wakati ambapo shida kubwa ilikuwa kujaribu na kujenga mfumo mpya ndani ya mfumo unaofanya kazi, na si kumfungia mtu mbaya ndani.

Kazi inayonikutanisha nao mara nyingi zaidi ni ukarabati. Mwenye duka moja la kuchapisha na kutoa nakala, si mbali na stesheni ya reli, aliniletea kompyuta yenye mifumo miwili katika diski moja, Linux ya kazi za kila siku na Windows kwa ajili ya programu moja ya risiti. Fundi mwingine alikuwa amesakinisha Windows upya, na kwa kuwa mashine ilikuwa ya zamani, usakinishaji huo uliandika juu ya sehemu ya mwanzo ya diski ambamo GRUB, programu inayoonyesha orodha ya mifumo wakati wa kuwasha, ilikuwa imeweka kipande chake cha kwanza. Linux ilikuwa nzima, mafaili ya wateja yalikuwepo yote, lakini hapakuwa na mlango wa kuingilia. Mwenye duka alikuwa ameshaambiwa kwamba kila kitu kimefutika, na alisimama nyuma yangu akiwa amekunja mikono kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Niliiwasha mashine kwa flashi yenye Linux inayojitegemea. Hapo ndipo ugumu unapojitokeza, kwa sababu mzizi wa wakati huo ni wa flashi, si wa diski. Nikitoa amri ya `update-grub`, inayoandika upya orodha ya mifumo, itasoma `/etc/default/grub` ya flashi na kuandika `/boot/grub/grub.cfg` ya flashi, kwa kuwa njia hizo zimeandikwa ndani ya programu yenyewe zikianza na mkwaju, na programu haina habari kwamba mgonjwa ni mwingine. Ni kweli kwamba `grub-install`, inayorudisha kipande cha kwanza cha GRUB kwenye diski, ina kigezo cha kuielekeza saraka nyingine, lakini si kila programu ina kigezo cha namna hiyo. Ni rahisi zaidi kuhamisha mzizi na kuziacha programu zote ziamini kwamba ziko nyumbani:

`mount /dev/sda5 /mnt`
`mount --bind /dev /mnt/dev`
`mount --bind /proc /mnt/proc`
`mount --bind /sys /mnt/sys`
`chroot /mnt /bin/bash`

Mstari wa kwanza unapachika patisheni (sehemu ya diski) ya Linux ya mgonjwa kwenye `/mnt`. Mstari wa mwisho unaanzisha sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika, ambayo mkwaju wake ni `/mnt`, na tangu hapo `/etc/default/grub` inamaanisha ile ya diski. Mistari mitatu ya katikati ndiyo ambayo wanaoanza huiruka, nami nilipokuwa naanza niliiruka. `/dev`, `/proc` na `/sys` hazimo kwenye diski kama mafaili ya kawaida. Zinajazwa na keneli wakati mashine inafanya kazi, kwa hiyo ukiingia kwenye mzizi mpya bila kuzipachika utazikuta saraka hizo zikiwa tupu au karibu tupu. `grub-install` italalamika kwamba haiioni diski iliyobeba mzizi, na `ps` itakataa kuorodhesha michakato. Kigezo cha `--bind` hakinakili chochote, bali hufanya saraka iliyopo ionekane mahali pa pili, kama chumba kimoja chenye milango miwili.

Baada ya `grub-install /dev/sda` na `update-grub` nilitoka kwa `exit`, nikatoa `umount -R /mnt` ili kubandua vyote vilivyopachikwa, nikawasha upya. Orodha ya mifumo ilirudi. Kwa njia hiyohiyo mtu aliyesahau nenosiri lake anaweza kubadilishiwa kwa `passwd` kutoka ndani ya mzizi wa diski yake, jambo ambalo linapaswa pia kumfanya mwenye kompyuta atafakari kwamba nenosiri pasipo diski iliyosimbwa halimzuii mtu mwenye flashi na dakika kumi.

Lipo kosa moja ambalo limewakatisha tamaa watu wengi kuliko mengine, na ili lieleweke ni vizuri kulitengeneza kwa makusudi. Tengeneza saraka ya `chumba`, ndani yake saraka ya `bin`, nakili humo `/bin/bash`, kisha, ukiwa mtumiaji mkuu (mwenye mamlaka yote juu ya mashine), toa amri ya `chroot chumba /bin/bash`. Mashine itajibu kwamba `/bin/bash` haipo. Utaangalia, utaiona ipo. Utaipa ruhusa za kutekelezwa, utaangalia tena, utapata jibu lilelile, na wapo wanaofikia kuamini kwamba diski yao ni mbovu.

Mashine haisemi uongo, ila inasema ukweli kuhusu faili jingine. Programu nyingi katika Linux hazijitoshelezi. Zinategemea maktaba za pamoja, yaani mafaili ya msimbo yanayotumiwa na programu nyingi, na ndani ya faili la programu imeandikwa njia ya msaidizi anayeziunganisha maktaba hizo kabla programu haijaanza. Kwenye mashine za kawaida za biti 64 zenye chipu za Intel au AMD, msaidizi huyo ni `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`. Njia hiyo nayo inaanza na mkwaju, na mkwaju sasa unamaanisha `chumba`, ambamo hakuna `lib64` yoyote. Keneli inamkosa msaidizi, inarudisha jibu la kutokuwepo kwa faili, na amri ya `chroot`, isiyojua ni faili lipi lililokosekana, inalibandika jibu hilo kwenye jina pekee inalolijua, yaani `/bin/bash`.

Amri ya `ldd /bin/bash` itakuonyesha orodha ya vinavyohitajika, ambavyo kwa kawaida ni `libtinfo.so.6`, `libc.so.6` na msaidizi mwenyewe. Ukivinakili vyote katika njia zilezile ndani ya `chumba`, sheli itafunguka. Kisha andika `ls`, nayo itakataa, kwa sababu hukuinakili. `cd`, `pwd` na `echo` zitafanya kazi kwa kuwa zimo ndani ya sheli yenyewe, hivyo `echo *` itakuorodheshea saraka mbili tatu zilizomo, na hapo utauona mfumo mzima ulioujenga kwa mkono wako, mdogo kama kibanda cha kuuzia vocha. Asiyetaka shida ya maktaba hutumia BusyBox iliyojengwa bila kutegemea maktaba za nje, faili moja lenye amri nyingi. Anayetaka mfumo kamili wa Debian hutumia `debootstrap`, ambayo hushusha vifurushi vya msingi na kuvipanga ndani ya saraka atakayoitaja.

Viungo vya njia navyo vinaingia katika hesabu hii. Kwenye Ubuntu `/etc/resolv.conf`, ambayo huieleza mashine pa kuulizia majina ya tovuti, mara nyingi ni kiungo kinachoelekeza ndani ya `/run`, na `/run` ni saraka nyingine inayojazwa wakati mashine iko hai. Ukiwa ndani ya mzizi mpya kiungo kinaelekeza pasipo na kitu, na utashangaa kwamba `ping` kwa nambari inajibiwa ilhali kwa jina haijibiwi. Kupachika `/run` kwa `--bind` kunaondoa tatizo hilo.

Majina ya watumiaji yana mtego unaofanana na huo. Keneli haijui majina, inajua nambari tu. Jina husomwa kutoka `/etc/passwd` ya mzizi uliomo. Faili lenye mmiliki nambari 1000 linaweza kuonekana nje kuwa la mtu mmoja na ndani kuwa la mtu mwingine kabisa, bila faili lenyewe kuguswa. Keneli yenyewe haihami: ukitoa `uname -r` ndani ya mzizi wa mfumo wa miaka kumi iliyopita, utajibiwa toleo la keneli ya flashi uliyowashia. Na ukiingia kwenye kadi ya kompyuta ndogo ya ARM ukiwa kwenye mashine ya Intel, programu hazitaanza kabisa, kwa sababu lugha ya chipu ni nyingine, isipokuwa kama umeweka mkalimani kama QEMU.

Sasa tuje kwenye neno ambalo limepotosha watu wengi. Mwaka 1991 Bill Cheswick, aliyekuwa katika maabara ya Bell Labs, aliutumia mzizi wa kuhamishwa kumchezea mvamizi na kumtazama anavyofanya, na jina la gereza likashikamana na mbinu hiyo. Tangu hapo watu wamekuwa wakiandika kwamba `chroot` huifungia programu ndani. Mwongozo wa Linux wenyewe unakana dai hilo na kusema waziwazi kwamba wito huu haukukusudiwa kwa usalama.

Ili kuona sababu, tutumie reli yetu. Kigoma ni mwisho wa reli, na treni inayotoka Tabora kupitia Kaliua na Uvinza ikifika hapa haina pa kuendelea. Mzizi ni hivyohivyo: ukitoa `cd ..`, amri ya kupanda saraka moja juu, mara mia utapanda hadi `/`, na hapo kila `..` inayofuata inakurudisha palepale. Kuhamisha mzizi ni kama kusimika kibao Uvinza kinachosema kwamba reli imeishia hapo. Treni inayotoka Tabora itakiona kibao na kusimama. Lakini kibao kipo Uvinza tu, hakipo kwingine, na treni iliyokwisha kuipita Uvinza wakati kibao kinasimikwa haitakiona kamwe. Itaendelea na safari hadi Kigoma halisi.

Hivyo ndivyo mtu anavyotoka. Mchakato hubeba kumbukumbu mbili zinazotuhusu, mzizi wake na saraka aliyosimama kwa sasa, na wito wa `chroot` hubadilisha ya kwanza tu. Mtu mwenye mamlaka ya mtumiaji mkuu ndani ya mzizi uliohamishwa huandika programu fupi inayotengeneza saraka ndogo chini ya pale ilipo na kuhamishia mzizi humo bila kuingia ndani yake. Sasa amesimama nje ya mzizi wake mwenyewe. Anapopanda kwa `..` keneli inalinganisha kila saraka na mzizi, haioni inayolingana, na inamruhusu apande hadi kileleni, ambako anaita `chroot` tena kwa nukta moja, yaani saraka aliyosimama, na kuwa na mti wote wa mashine mikononi. Amri ya kawaida ya `chroot` unayoiandika kwenye sheli hukusogeza hadi kwenye mzizi mpya kabla ya kuanzisha programu, na ndiyo maana ukijaribu kwa amri hiyo peke yake hutafaulu. Mtorokaji hutumia wito wenyewe wa keneli.

Hata bila ujanja huo, mtumiaji mkuu aliye ndani bado anaona michakato yote ya mashine akipachika `/proc`, anaweza kuiua, na anaweza kutengeneza faili la kifaa linalowakilisha diski nzima na kulisoma moja kwa moja. Kilichohamishwa ni majina ya mafaili tu. Mtandao, michakato na vifaa viko vilevile.

Kutokana na hayo linazuka swali zuri ambalo kijana mmoja aliyekuja kujifunza kazi aliniuliza: kama kuhamisha mzizi kunapunguza tu yale mtu anayoyaona, kwa nini kunahitaji mamlaka ya mtumiaji mkuu? Jibu lake ni kwamba kumpunguzia mtu anachokiona si hatari, hatari ni kuidanganya programu inayoaminiwa. Chukulia kwamba kila mtumiaji angeruhusiwa. Ningetengeneza saraka yangu, niweke ndani yake `etc/passwd` na `etc/shadow` nilizoziandika mwenyewe zikiwa na nenosiri ninalolijua, kisha niunganishe humo programu ya `su`, ambayo hufanya kazi kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu yeyote yule anayeiita. Nikihamisha mzizi na kuiita, `su` itasoma `/etc/shadow`, itakuta nenosiri langu, itaniamini, na kunipa mamlaka ya kweli juu ya mashine nzima. Nyaraka zilikuwa za kughushi, lakini hati iliyotolewa ni halali.

Mantiki hiyohiyo ndiyo inayoeleza ukali wa OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva na kupakia mafaili kwa mbali, unaowaudhi wasimamizi wa seva. Ofisi moja mjini Tabora ilitaka wateja wapakie mafaili yao kila mmoja katika saraka yake bila kuona ya wenzake, na kigezo cha `ChrootDirectory` pamoja na `internal-sftp` kinafaa kabisa kwa kazi hiyo, kwa kuwa seva yenyewe inahudumia upakiaji na hakuna haja ya kunakili sheli wala maktaba. Lakini walimpa kila mteja umiliki wa saraka yake, na miunganisho yote ikawa inakatika mara tu baada ya nenosiri kukubaliwa. OpenSSH hudai kwamba saraka ya mzizi mpya, na kila saraka iliyo juu yake, iwe mali ya mtumiaji mkuu na isiandikike na mtu mwingine, kwa sababu anayeweza kuandika kwenye mzizi anaweza kujitengenezea `etc` yake. Tiba ni kumwachia mteja saraka ya ndani, tuseme `mafaili`, iwe mali yake, na ile ya juu ibaki ya mtumiaji mkuu. Katika matumizi kama haya, ambapo aliye ndani hana mamlaka makubwa na hana njia ya kuyapata, mzizi uliohamishwa hupunguza madhara kwa kiasi cha kuridhisha, na ndiyo sababu seva ya wavuti ya OpenBSD hujihamishia `/var/www` bila kuombwa.

Waliotaka ukuta wa kweli ilibidi waongeze vitu. FreeBSD 4.0 ya mwaka 2000 ilileta `jail`, ambayo iliyatenganisha pia michakato na anwani za mtandao na kumpunguzia mtumiaji mkuu wa ndani mamlaka yake. Linux ilikwenda kwa hatua: mwaka 2002 ilianza kuruhusu kundi la michakato kuwa na orodha yake ya vilivyopachikwa, kisha yakafuata majina ya michakato, mtandao na watumiaji, na juu ya misingi hiyo ndipo zilipojengwa kontena, yaani vyumba vilivyotengwa vya kuendeshea programu, ambazo programu ya Docker ilizitangaza kwa umma mwaka 2013. Kontena hizo kwa kawaida hazitumii `chroot` bali wito mwingine, `pivot_root`, ambao hubadilishana mzizi wa zamani na mpya ili ule wa zamani uweze kubanduliwa kabisa. Kwa lugha ya reli, hausimiki kibao Uvinza, bali unang'oa mataruma yote kutoka Uvinza hadi Kigoma, na treni iliyokwisha kupita haina tena njia ya kupita juu yake.

Limebaki jambo dogo la kila siku, nalo ni kujua uko upande gani, kwa maana sheli ya ndani na ya nje hufanana, na kufuta saraka katika mzizi usio wenyewe ni kosa la sekunde moja. Kuna amri ya `ls -di / /proc/1/root/`, ambayo mtumiaji mkuu akiitoa `/proc` ikiwa imepachikwa huonyesha nambari za mizizi miwili, wake na wa mchakato wa kwanza. Zikitofautiana, yuko ndani. Zikilingana bado hana hakika, kwa sababu kila mfumo wa mafaili wa ext4, unaotumika sana katika Linux, huanza mzizi wake na nambari 2, na diski mbili tofauti zinaweza kutoa jibu moja. Debian na Ubuntu zina njia ya wazi zaidi: ukiandika neno lolote katika faili la `/etc/debian_chroot` ndani ya mzizi mpya, sheli hulionyesha neno hilo katika mabano mwanzoni mwa kila mstari unaosubiri amri.

Kwenye kompyuta ya duka la kuchapisha nililiandika humo neno `mgonjwa`, likanisaidia sana, kisha nikatoka bila kulifuta. Faili hilo lilibaki kwenye diski ya mteja, na sheli haiulizi kama mzizi umehamishwa kweli au la, inasoma tu kilichoandikwa. Baada ya siku chache mwenye duka alinipigia simu kwa upole kuniuliza kama nina hakika kwamba nilimaliza kazi, kwa sababu kijana wake amefungua dirisha la amri na kompyuta yenyewe inasema kwamba bado inaumwa.